Shajara ya mradi: ramani ya uoto wa mikoko ya Bagamoyo, kutoka mlango wa Ruvu hadi Mlingotini

8 Juni 2024: Eneo, kibali na ufunguo wa ramani

Mradi huu unakusudia kupima, kuainisha na kuchora uoto wa mikoko katika pwani ya Bagamoyo, kuanzia mlango wa Mto Ruvu, kaskazini ya mji, hadi Mlingotini upande wa kusini, kwa kupitia Kaole na Mbegani. Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa hiyo tulianza na kibali, zikafuata barua kwa ofisi za vijiji na mitaa, kisha mazungumzo na wavuvi wanaopita katika hori hizo kila siku. Hatua hizo ni za kawaida na sitazieleza zaidi, ila namshauri atakayefuata njia hii azianze mapema, kwa sababu miezi ya kusi ndiyo yenye anga safi, na ikishapita mawingu ya vuli hufunika kila picha.

Kinachotusukuma ni kwamba ramani nyingi zilizopo, zikiwemo zile za dunia nzima zinazotengenezwa kwa setilaiti, hupaka mikoko yote rangi moja. Kwa mtu anayesimamia msitu rangi moja haimsaidii kitu. Mkoko uliokatwa chini ya majani yake hauchipui tena, ilhali mchu uliokatwa huchipua na kugeuka kichaka. Mliana husimama mbele kabisa ukipokea mawimbi, na mkandaa hukaa nyuma, mahali ambapo maji hufika kwa nadra. Mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa mwaka 1991, ulioandaliwa chini ya Adelaida Semesi, uliigawa misitu hii katika kanda nne: ya hifadhi kamili, ya uvunaji, ya kupumzishwa ili irudie hali yake, na ya matumizi mengine ya maendeleo. Mgawanyo wa namna hiyo hauna pa kusimama iwapo ramani haielezi ni mti gani ulio wapi.

Ufunguo wa awali tuliouandika una aina nane: mliana (*Sonneratia alba*), mkoko (*Rhizophora mucronata*), msinzi (*Bruguiera gymnorrhiza*), mkandaa (*Ceriops tagal*), mchu (*Avicennia marina*), mkomafi (*Xylocarpus granatum*), kikandaa (*Lumnitzera racemosa*) na msikundazi (*Heritiera littoralis*). Majina ya kisayansi tumeyaweka kwa kuwa mti mmoja huitwa mkoko hapa na mkaka kwingine, na msinzi wengine huuita muia. Fomu ya uwandani isiyo na jina la kisayansi italeta mzozo siku data za watu wawili zitakapounganishwa.

22 Juni 2024: Picha za setilaiti na saa ya maji

Picha tunazotumia ni za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo hutolewa bila malipo. Mikanda minne ya mwanga, yaani buluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu, ina pikseli, yaani vijiraba vinavyounda picha, za mita 10, kwa hiyo pikseli mia moja ni hekta moja; mikanda ya infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo huhisi unyevu wa ardhi na wa majani, ina pikseli za mita 20. Setilaiti mbili zikipokezana, eneo moja hupigwa picha kila baada ya siku 5.

Jaribio la kwanza lilifuata njia inayofundishwa katika mafunzo mengi: kuchukua picha zote za kiangazi, kuondoa mawingu, kisha kutengeneza picha moja ya mjumuisho ambayo kila pikseli yake ina thamani ya katikati ya miezi yote. Kwa msitu wa nchi kavu njia hiyo ni nzuri. Kwa mikoko ilituharibia kazi. Ukingo wote wa mbele, palipo na mliana na mchu mchanga, ulitoka ukiwa na rangi ambayo si ya tope, si ya maji na si ya majani, kwa sababu pikseli ileile ilikuwa na maji katika picha moja na tope tupu katika nyingine. Programu ya kuainisha iliufuta ukingo huo karibu wote na kuuita bahari.

Tulipoulizana sababu, jibu lilitoka kwa mzee mmoja wa Kaole, mvuvi ambaye zamani alikuwa mkataji wa boriti na ambaye tangu hapo amekuwa kiongozi wetu wa uwandani. Tulimwonyesha picha mbili za wiki tofauti, naye akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hizi zilipigwa mwezi ukiwa wapi?"

Setilaiti hii hupita pwani yetu wakati uleule kila mara, baina ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi. Bahari nayo ina saa yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kukaribia saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kukaribia saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mpango hugeuka, na saa nne asubuhi maji huwa yamejaa, ingawa kujaa kwenyewe ni kwa kiasi. Kwa hiyo umri wa mwezi siku ya picha unatosha kukueleza hali ya maji kabla hujafungua jedwali lolote: picha ya bamvua daima ni ya maji kupwa, na picha ya maji mafu daima ni ya maji yaliyojaa kiasi.

Tumezigawa picha katika mafungu mawili na kutengeneza mijumuisho miwili. Fungu la bamvua linaonyesha tope na kila mti ulio juu yake hadi ukingo wa mwisho wa mliana. Fungu la maji mafu linaonyesha maji yanapoingia chini ya miti ya mbele. Tofauti baina ya mijumuisho hiyo miwili tumeifanya kuwa mkanda wa ziada katika uainishaji, na tayari inautenga mliana vizuri kuliko mkanda wowote wa mwanga ulio peke yake.

Jambo moja linalofuatana na hilo nalisisitiza kwa kuwa sijaliona likiandikwa katika mafunzo niliyosoma: setilaiti hii haitaona kamwe bamvua likiwa limejaa. Maji yanapofika kwenye mkandaa na kwenye majangwa ya chumvi ni saa kumi jioni au saa kumi alfajiri, na wakati huo haipiti. Mpaka wa maji wa nyuma itabidi uendewe kwa miguu.

Gharama hadi sasa ni bando za intaneti za kupakulia picha na umeme wa kompyuta. Programu ya kuchorea ramani, QGIS, na ile ya kukusanyia data kwa simu ni za bure.

6 Julai 2024: Uwandani Ruvu, wakati wa bamvua

Tulichagua bamvua kwa kudhani kwamba maji yakipwa sana tutatembea kwa urahisi. Kwa upande wa Kaole, ambako tope lina mchanga, ilikuwa sawa. Kwenye hori za Ruvu haikuwa sawa hata kidogo. Mashua iliingia asubuhi na maji yanayotoka, na kabla ya saa nne hori ilikuwa mtaro wa tope, chombo kimelala ubavu, na hakuna pa kwenda hadi maji yaliporudi baada ya saa nane mchana. Tope la ndani ni laini kiasi cha kumzamisha mtu hadi pajani, na kila hatua ni kupanda juu ya mizizi ya mkoko na kushuka upande wa pili.

Kanuni tuliyoiweka baada ya hapo ni hii: kwenye tope gumu la Kaole, Mbegani na Mlingotini tutafanya kazi siku za bamvua; kwenye hori za Ruvu tutaingia siku za maji mafu, ambapo maji yamejaa kiasi katikati ya asubuhi na hayakimbii. Mashua yenye injini pamoja na nahodha ilitugharimu shilingi 80,000 kwa siku bila mafuta, na siku iliyolala topeni ililipiwa sawa na siku nyingine zote.

Muda wa kusubiri maji haukupotea wote, kwani tuliutumia kufundishana kutambua miti. Mkoko, msinzi na mkandaa ni wa ukoo mmoja, na kwa mbali vinafanana mno. Jani la mkoko huishia kwa kincha chembamba na kigumu, na ukiligeuza utaona vidoa vidogo vyeusi vimetapakaa upande wa chini. Jani la msinzi limechongoka lakini halina kincha wala vidoa. Jani la mkandaa ni dogo, ncha yake ni butu, na rangi yake inaelekea umanjano penye jua kali. Pasipo na jani la kufikia, tazama chini: mkoko umesimama juu ya mizizi mirefu iliyopinda kutoka shinani, na msinzi una mizizi inayochomoza topeni na kurudi, ikifanya magoti. Ua likiwepo shaka huisha kabisa, kwani kikombe cha ua la msinzi ni chekundu na kina meno zaidi ya kumi, cha mkandaa kina matano, na cha mkoko kina manne tu. Mchu hauna haja ya maelezo mengi. Upande wa chini wa jani lake ni wa kijivu kinachong'aa, na ukilamba jani utaonja chumvi.

13 Julai 2024: Kurudi Ruvu, maji mafu, na kasoro ya pointi za hori

Safari hii mashua ilielea muda wote na tulifika mbali zaidi kwa saa chache. Lakini tulipoweka pointi zote, yaani mahali tulipoandika aina ya mti, juu ya ramani usiku, kasoro ilikuwa wazi: karibu zote zilikuwa kandokando ya hori, ndani ya hatua chache kutoka majini, kwa sababu huko ndiko mashua inakofika. Miti ya ukingo wa hori hupata maji mengi na rutuba ya mto, hivyo ni mirefu na ya kijani kilichokolea. Programu iliyofundishwa kwa miti hiyo haitaitambua miti ya ndani, mifupi na iliyodumaa, ingawa ni ya aina ileile.

Tuliacha kuchagua pointi kwa macho. QGIS ilitupa pointi za bahati nasibu ndani ya kila tabaka la rangi lililoonekana katika picha, na pointi ambayo mguu haufiki tuliifuta kwa kuandika sababu, si kwa kuihamishia mahali pepesi. Vilevile tumeweka sharti kwamba kila pointi iwe katikati ya kipande cha uoto wa aina moja chenye upana usiopungua mita 30. GPS ya simu chini ya matawi hukosea kwa mita kadhaa, na pikseli ni mita 10; bila sharti hilo, pointi ya mkoko inaweza kuangukia pikseli ya mchu wa jirani bila mtu kujua.

Kiongozi wetu hulipwa shilingi 30,000 kwa siku. Naiona ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu.

28 Julai 2024: Uainishaji wa kwanza na jedwali la makosa

Tumetumia njia inayojenga miti mingi ya maamuzi na kuchukua uamuzi wa walio wengi. Pointi tulizigawa mafungu mawili tangu mwanzo, za kufundishia na za kuhakiki. Ramani ilipendeza macho, lakini jedwali la makosa, linalolinganisha ramani na pointi za kuhakiki, lilionyesha matatizo matatu makubwa.

La kwanza ni mkandaa mfupi kuchanganywa na tope tupu. Kwenye tope lenye unyevu huota utando wa mwani mdogo sana, wa kijani, unaoinua NDVI, kipimo cha ukijani wa pikseli, hadi kikafanana na cha mkandaa uliotawanyika. Dawa tuliyoipata ni kutumia muda: mkandaa ni kijani mwaka mzima, ilhali utando ule hukauka na kurudi. Tulichukua thamani ya chini kabisa ya NDVI ya kila pikseli katika picha zote za maji kupwa, na kwa kipimo hicho tope liliporomoka na mkandaa ukabaki juu.

La pili ni minazi, miembe na vichaka vya nchi kavu kuingizwa katika mikoko. Tulijaribu kukata kila kitu kilicho juu ya mita 10 kwa kutumia data za mwinuko za SRTM za mwaka 2000, na papo hapo tukapoteza vipande vya misitu mirefu zaidi ya Ruvu. Rada iliyokusanya data hizo haikufika ardhini palipo na msitu mzito, ilisimama karibu na vilele, kwa hiyo mti mrefu uliosimama usawa wa bahari ulihesabiwa kuwa kilima. Tumeliacha sharti la mwinuko na badala yake tumechora mstari wa nchi kavu kwa mkono, tukisaidiwa na mikanda ya infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo huonyesha weusi penye ardhi yenye maji chini ya miti.

La tatu halikuwa na dawa. Mkoko na msinzi havitengani kwa pikseli za mita 10, na mara nyingi vimechanganyika ndani ya pikseli moja. Mkomafi, kikandaa na msikundazi navyo viko vichache vichache, pembezoni, bila kipande kimoja kinachotimiza sharti la mita 30. Tungeweza kuziacha aina zote nane katika ufunguo kwa kuwa programu haikatai kupaka rangi, lakini msimamizi angeamini mpaka ambao haupo. Ufunguo mpya ni huu: mliana; mkoko na msinzi pamoja; mkandaa; mchu mrefu; mchu mfupi; jangwa la chumvi; na tope tupu. Aina tatu zilizobaki zitaonyeshwa kwa alama ya nukta mahali zilipoonekana kwa macho.

Mchu tumeutenga mara mbili kwa sababu kweli una makao mawili: mrefu mbele, karibu na bahari na midomo ya hori, na mfupi, wa kichaka, nyuma kabisa kwenye chumvi nyingi. Kuwaita wote jina moja kulikuwa kukiichanganya programu na kungemchanganya msomaji pia.

Mzee alipouona ufunguo aliukubali, akaongeza neno ambalo tumelifanyia kazi. Mkataji hauangalii msitu kwa jina la mti pekee, huuangalia kwa unene: hapa pana fito, hapa pau, hapa boriti, hapa nguzo. "Ramani yako inasema mkoko upo," aliniambia, "lakini haisemi kama boriti zimekwisha." Katika kila pointi ya mkoko na msinzi sasa tunaandika daraja la unene lililozidi, na litakuwa safu ya pekee, isiyopakwa kwa setilaiti.

19 Agosti 2024: Mpaka wa maji saa kumi jioni

Mwezi ni mpevu na bamvua ni kubwa. Tuligawana makundi, Kaole na upande wa Nunge, tukasubiri maji nyuma ya mkandaa tukiwa na vigingi. Maji yaliposimama kupanda tulichomeka vigingi kwenye ukingo wake na kuchukua koodineti ya kila kimoja. Vifaa ni rahisi: vigingi, rangi nyekundu, kamba na viatu vya turubai.

Huko Nunge, jirani na mashamba ya chumvi, tulikuta jambo ambalo picha ilikuwa imelificha. Nyuma ya tuta moja la udongo kipo kipande cha mchu mrefu uliokauka ukiwa umesimama. Ile mizizi myembamba inayosimama wima kutoka topeni, ambayo mchu hupumulia, ilivunjika mkononi kwa kuguswa. Ardhi ilikuwa na gamba jeupe la chumvi. Na maji ya bamvua yalisimama upande wa pili wa tuta, karibu kabisa, bila njia ya kuvuka. Hakuna alama ya shoka katika shina hata moja. Katika tabaka la mikoko tulilolipakua mwanzoni kwa kulinganishia, kipande hicho bado ni msitu. Tumekiwekea daraja lake, mikoko iliyokufa ikiwa imesimama, na tumeandika katika maelezo kwamba sababu inayoonekana ni kukatika kwa maji, ili asije mtu akapeleka huko miche ya kupanda kabla tuta halijafunguliwa njia. Taarifa imepelekwa kwa msimamizi wa hifadhi.

21 Septemba 2024: Bamvua la Septemba na ramani ya mwisho

Bamvua la siku zinazokaribia usiku na mchana kulingana huwa kubwa, na la wiki hii lilipita vigingi vya Agosti karibu kila mahali. Katika majangwa ya Kaole, ambayo ni tambarare, mstari ulisogea kuelekea nchi kavu kwa umbali mkubwa, na tulikuta vikandaa vimesimama kwenye ukingo huo mpya. Mpaka wa nyuma wa hifadhi katika ramani umechorwa kwa vigingi vya Septemba, na vya Agosti vimebaki kama mstari wa pili.

Uainishaji uliorudiwa kwa ufunguo mpya, mijumuisho miwili ya maji na pointi za ndani ni bora mno kuliko ule wa Julai. Mliana na mchu mrefu vinasomeka vizuri. Mkandaa unasomeka vizuri pale ulipofungana, na kwa mashaka pale ulipotawanyika. Maeneo hayo ya mashaka yamewekewa mistari ya mshazari badala ya rangi tupu. Mchu mfupi na mkandaa bado vinaibiana ukingoni, na yeyote atakayepima hekta za aina hizo mbili azitaje pamoja.

Gharama kubwa imekuwa mashua na mafuta, kisha malipo ya viongozi, kisha uchapishaji wa nakala kubwa kwa ajili ya ofisi ya hifadhi na vijiji. Kwa anayeanza leo, fedha ya kukodi mashua siku za bamvua Ruvu angeweza kuiokoa yote.

Faili la ramani lina, kwa kila picha iliyotumika, tarehe, umri wa mwezi na hali ya maji. Pointi za kuhakiki zimehifadhiwa katika faili la peke yake, na hazitatumika kufundishia hata ramani ya mwaka ujao itakapotengenezwa.